Nafasi Ishirini na Sita

Mtaalamu kutoka Dar es Salaam alichora masanduku matatu ubaoni, akaandika neno moja ndani ya kila sanduku: UBORA, SOKO, GHARAMA. Akaweka chaki chini, akapangusa vidole kwa leso, akawatazama watu waliokaa mezani kama mwalimu anayengoja darasa limalize kunakili.

"Haya ndiyo malengo ya chama kwa miaka mitano ijayo," alisema. "Sasa Afisa Mafunzo atusomee kozi alizoendesha mwaka jana, na kila kozi atuambie inaingia sanduku gani."

Afisa Mafunzo alikuwa Tadea, mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na mbili, mwenye sauti ya chini. Huu ulikuwa mwaka wake wa kumi na moja katika ofisi ya mafunzo ya Chama Kikuu cha Milimani, ushirika wa wakulima wa kahawa pale Mbinga mjini. Alifungua jalada.

"Semina ya makatibu wa vyama vya msingi. Utunzaji wa vitabu."

"Gharama," alisema mtaalamu, "kama tutaifupisha. Endelea."

"Siku ya Ushirika. Mihadhara kwa wanachama."

"Sanduku gani?"

Tadea akatazama ubao. "Hakuna," alisema.

"Ushonaji kwa vikundi vya akina mama," aliendelea kusoma.

Mtaalamu hakuuliza hata swali. Aliitwa Bwana Praygod, kijana mwenye adabu, na kila alipofuta kitu alikuwa kama anaomba radhi. "Kozi isiyojibu lengo, mama, ni matembezi. Watu wanakunywa soda, wanasaini posho, wanarudi nyumbani. Si kweli?"

Ilikuwa kweli, na Tadea aliijua kweli hiyo kabla Praygod hajamaliza shule. Mara nyingi alikuwa amekaa nyuma ya ukumbi akiona wajumbe wanasinzia huku yeye anahesabu vichwa kwa ajili ya ripoti. Aligeuza ukurasa.

"Kozi ya makarani wa mizani. Siku tano, kila mwaka kabla ya msimu."

"Sanduku gani?"

"Soko," alisema Tadea. "Mkulima asipopunjwa kwenye mizani, kahawa anatuletea sisi."

Praygod akatikisa kichwa polepole. "Ilikuwa hivyo alipokuwa hana pa kwenda. Sasa kila mwenye leseni ananunua. Wana magari yao, wanamfuata mkulima mlangoni. Vituo vya vijijini tunavifunga. Mkulima ataleta kahawa mbivu kwenye mitambo yetu minne, tuimenye wenyewe, tuioshe wenyewe, iwe daraja moja, tuiuze kwa jina letu. Sasa karani wa mizani wa kijijini umweke wapi?"

Meneja Mkuu, Bwana Romanus, alikuwa anaangalia dirishani, ambako mvua ya Mbinga ilikuwa inanyesha taratibu kama kawaida yake ya Januari.

Wafadhili wangelipia nafasi ishirini na sita za mafunzo: waonja kahawa kumi, wasimamizi wa mitambo wanane, mafundi wanne, na wanne wa kujifunza kompyuta. Kazi ya Tadea ilikuwa kuandika majina. Halikutamkwa neno lingine, lakini kila aliyekuwa chumbani alielewa kwamba atakayepata nafasi atabaki, na asiyepata atapewa barua.

*

Mumewe, Othmar, alikuwa karani wa mizani Namswea kwa miaka kumi na sita. Siku za kazi alilala hukohuko, kwenye chumba kilichoshikana na ghala. Jumamosi alirudi nyumbani kwa baiskeli, suruali imekunjwa hadi magotini, viatu vimefungwa nyuma kwenye keria. Alikuwa mtu mpana, mpole, aliyependa kucheka kabla hujamaliza kumsimulia. Mtoto wao Edina alikuwa bweni Songea, kidato cha pili, kwa hiyo Jumamosi zilikuwa za wao wawili.

Jumamosi ile alikula, akanawa, kisha akatoa kitu ndani ya koti. Lilikuwa daftari la Tadea la chuo, lile la jalada la kijani, ambalo hakujua kama lilikuwa limeondoka kabatini.

"Nililichukua wiki mbili zilizopita," alisema Othmar. "Nimelisoma lote. Niulize."

"Nikuulize nini?"

"Mama Edina, usinifanye mtoto. Wanasema kutakuwa na kozi za ubora. Wanasema watakaojua kahawa ndio watakaobaki. Mimi kahawa naijua kwa mkono, lakini maneno yake sikuwa nayo. Sasa ninayo. Niulize."

Tadea alikaa kwenye kigoda. Nje jua la saa kumi lilikuwa limetoka kidogo baada ya mvua, na kuku walikuwa wanachakura kando ya jiko.

"Kahawa ikaushwe hadi unyevu wa asilimia ngapi?"

"Kumi na moja. Ikizidi kumi na mbili inashika ukungu ghalani."

"Huna kipimo. Utajuaje?"

"Namenya punje, naing'ata. Jino likiacha alama, bado."

"Kuvundika?"

"Kitabu kinasema saa thelathini na sita mpaka arobaini na nane." Akainua kidole. "Lakini daftari lako limeandikwa Moshi. Huku kwetu kwenye baridi, Litembo kule juu, inaweza kufika hata siku tatu. Unaisugua kiganjani. Ikikwaruza kama mchanga, ndipo uioshe. Ikiteleza, iache."

Alijibu hivyo kwa karibu saa nzima. Alikosea mara mbili, na mara zote mbili alijisahihisha mwenyewe. Tadea alijua watu sita waliokuwa kwenye ile orodha ambao wasingejibu nusu ya maswali hayo. Orodha yenyewe ilikuwa imeshaandikwa tangu Alhamisi. Ilikuwa kwenye mkoba wake, na mkoba ulikuwa unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, hatua tatu kutoka pale walipokaa.

"Watasema sina kidato cha nne," alisema Othmar.

"Huenda wakasema."

"Lakini anayeandika si wewe?" Alisema hivyo akicheka, bila kumbana. "Majina yameshatoka?"

"Bado," alisema Tadea.

Akainuka kwenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Nyuma yake alimsikia Othmar anafungua daftari tena, anasoma kwa sauti ya chini, kama mtu anayejikumbusha sala: aina ya kwanza, aina ya pili, punje iliyoliwa na mdudu, punje iliyonyauka.

*

Jumatatu alikwenda kwa Meneja Mkuu. Alimkuta na Praygod, karatasi zimetandazwa mezani.

"Nina ombi juu ya makarani wa mizani," alisema Tadea, amesimama. "Wako thelathini na mmoja. Baadhi yao wameshika kahawa maisha yao yote. Tuwape mtihani wa vitendo. Watakaofaulu tuwaweke kwenye usimamizi wa mitambo, badala ya kuangalia vyeti tu."

Praygod alisikiliza kwa makini. "Wazo si baya," alisema. "Lakini vigezo vimeshapitishwa na wafadhili. Kidato cha nne, umri usiozidi miaka arobaini. Nikifungua mlango kwa mmoja, mama, nitakuwa sina mlango tena."

Romanus akaegemea kiti. Alikuwa mtu wa makamo, mcheshi, mzee wa kanisa, na alimfahamu Tadea tangu alipoajiriwa. "Mama Edina, nikuulize kama ndugu yako. Unawaombea makarani thelathini na mmoja, au unamwombea mmoja?"

Praygod akainamia karatasi zake. Tadea alikuwa na jibu, kwamba anawaombea wote na mmoja wao ni mumewe, na kwamba mambo hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Lakini alichosema ni, "Nimeelewa, bwana meneja."

"Basi vizuri. Na hili hapa." Romanus akamsogezea kipande cha karatasi. Kilikuwa na jina moja: Eunice, na jina la ukoo wa mke wa Romanus. "Ana kidato cha nne. Ana miaka ishirini na tatu. Yumo ndani ya vigezo kabisa, muulize mtaalamu."

"Si mfanyakazi wetu."

"Ataajiriwa kesho."

Tadea alirudi ofisini kwake, akakaa mbele ya orodha. Ili Eunice aingie kwa waonja kahawa, ilibidi mmoja atoke. Jina la kumi lilikuwa la Methodi, karani wa ghala kuu, mtu wa kidato cha nne na miaka thelathini na tisa, jirani yake, ambaye mkewe Vitalia walichota naye maji kwenye bomba moja. Alitazama majina tisa ya juu akitafuta la kufuta badala ya lile, hakuliona. Akafuta la Methodi. Taipu ya ofisi ilikuwa inakwama kwenye herufi ya e, na jina la Eunice likatoka na doa mwanzoni na mwishoni.

*

Tangazo lilipangwa kubandikwa Jumatatu iliyofuata. Tadea alikuwa amejiambia kwamba Jumamosi Othmar akirudi atamweleza kila kitu, akiwa ameshakula, akiwa amekaa. Lakini mhazili alilibandika Ijumaa asubuhi ili amalize kazi zake mapema, na Ijumaa hiyo makarani wote wa mizani walikuwa wameitwa makao makuu kurudisha vitabu vya stakabadhi.

Walijaa mbele ya ubao wa matangazo. Othmar, aliyekuwa mrefu, alisoma juu ya mabega ya wenzake. Alisoma mpaka mwisho, kisha akaanza tena juu.

"Labda kuna ukurasa wa pili," mtu mmoja alisema.

"Ukurasa wa pili uko nyumbani kwa Mzee Othmar," mwingine akajibu, na wachache wakacheka. Kisha karani mmoja wa Mkumbi, ambaye hakuwa na nia mbaya, akasema kama anayefikiri kwa sauti, "Kama mtu mke wake ndiye anayeandika na bado hayumo, sisi wengine tulikuwa tunangoja nini?"

Kicheko kikaisha hapo. Wakampisha Othmar njia, kama watu wanavyompisha mfiwa. Aliingia kwenye dirisha la kurudishia vitabu, akahesabu vitabu vyake mbele ya karani, akasaini, akatoka. Tadea aliona kila kitu kutoka dirisha la ofisi yake. Aliona hata pale alipoinama kukunja suruali ili apande baiskeli, akakunja mguu mmoja, akausahau mwingine.

Tadea alipofika nyumbani saa kumi na moja, alimkuta amekaa kitandani na viatu miguuni.

"Ulijua lini?" aliuliza Othmar.

"Alhamisi ya wiki iliyopita."

"Kabla ya Jumamosi."

"Kabla."

"Kwa hiyo nilipokuwa nasema saa thelathini na sita, saa arobaini na nane, ulikuwa unajua."

"Nilikwenda kuomba, baba Edina. Jumatatu nilisimama mbele ya meneja. Vigezo vilikuwa vimeshapangwa, kila nafasi imefungwa na lengo. Si mimi niliyeamua kwamba vituo vifungwe."

"Sikuulizi habari za vituo." Sauti yake ilikuwa ileile ya kila siku, na hilo ndilo lililomtisha Tadea. "Vituo wanaweza kuvifunga. Mimi pia nimeona magari ya wanunuzi Namswea, sihitaji mtu wa Dar es Salaam aniambie. Nakuuliza wewe, ulipokuwa unaniuliza yale maswali, ulikuwa unaona nini?"

Tadea alitafuta neno la kweli. "Niliona kwamba unajua."

Othmar akaitikia kwa kichwa, akavua viatu, akaviweka sambamba chini ya kitanda.

Jumapili walikwenda misa kama kawaida, wakakaa kama kawaida, yeye upande wa wanaume, mkewe upande wa wanawake. Watu waliwasalimu. Jumanne Othmar alifunga nguo zake kwenye begi dogo na kusema anakwenda kumwona mama yake ziwani, Mbamba Bay, maana hana kazi ya kumzuia. Hakusema atarudi lini, na Tadea aliogopa kuuliza. Alimfungashia mahindi ya kuchemsha. Othmar aliyapokea kwa mikono miwili, akashukuru.

*

Barua zilitoka mwezi wa pili. Watu hamsini na wanane. Tadea hakuziandika, lakini kila bahasha iliambatana na nakala ya orodha ya mafunzo, kuonyesha kwamba uamuzi ulifuata utaratibu, na chini ya orodha kulikuwa na sahihi yake.

Bombani, Vitalia aliacha kumngoja. Walikuwa marika, wamelea watoto pamoja, wamekopeshana chumvi na ungo bila kuhesabiana. Sasa Vitalia alipomwona anakuja alijitwisha ndoo hata kama haijajaa. Siku moja hawakuweza kukwepana. Njia ilikuwa nyembamba, matope pande zote.

"Shikamoo, afisa," alisema Vitalia.

Wanawake waliokuwa nyuma walinyamaza kusikia atajibu nini. Mtu wa rika lako akikupa shikamoo, hakuna jibu lisilokudhalilisha. Tadea alisema, "Vitalia, mimi si mkubwa wako."

"Ni mkubwa. Mume wangu alikuwa wa kumi, wewe ukamfanya wa ishirini na saba. Hata mhazili amemwambia. Hiyo si kazi ya mtu mdogo."

Angeweza kusema habari za kile kipande cha karatasi. Hakusema, kwa sababu aliyefuta jina kwa mkono alikuwa yeye. Tangu siku hiyo alichota maji saa saba mchana, wakati bombani hakuna mtu na jua limesimama.

Nyumba ikawa kubwa. Ilikuwa na vyumba vitatu tu na paa la bati, lakini alipopika ugali alikosea kipimo kila siku, akabaki na ugali wa mtu wa pili. Jioni aliwasha redio ya Othmar, akasikiliza bei za mazao, kisha vifo, kisha akaizima. Mara nyingine alizungumza, maneno madogo tu, kama mlango huu, au mvua hii. Sauti yake ilimshtua. Edina aliandika kutoka Songea kuuliza mbona baba hajamwandikia, na Tadea akajibu kwamba baba yuko kwa bibi anamsaidia, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Kazini aliyafuata masanduku matatu kwa uaminifu. Waonja kahawa walipelekwa Moshi miezi mitatu, wasimamizi wa mitambo wakafundishwa hapohapo Mbinga. Alitembelea kila darasa, akajaza fomu, lengo upande wa kushoto, matokeo upande wa kulia. Hakuwa amewahi kuendesha mafunzo mazuri kama yale. Watu walijifunza. Kijana wa mtambo wa Mkumbi aliweza kusimama mbele ya matangi manne na kukuambia kwa harufu lipi limepitiliza. Hata Eunice, wote walikiri, alikuwa na ulimi.

Waonja kumi walirudi mwezi wa tano. Kabla mwezi haujaisha, kampuni moja ya wanunuzi iliyofungua ofisi karibu na stendi iliwachukua saba, Eunice akiwa wa kwanza. Wasimamizi wa mitambo wakafuata, mmoja mmoja, bila kuaga.

Romanus aliitisha kikao. Praygod alikuwa amemaliza mkataba wake na kuondoka, na ubao wake ulikuwa bado na alama hafifu za chaki.

"Tuliwafundisha wafanye nini hawa?" aliuliza Romanus.

"Wajue ubora wa kahawa," alisema Tadea. "Na wanaujua."

"Wabaki. Mbona hukuwafundisha kubaki?"

Tadea alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

Waliobaki hawakutosha kuendesha mitambo yote, na miwili haikufunguliwa msimu huo. Mwezi wa nane malengo yaliandikwa upya. Yalikuwa mawili sasa: kukodisha maghala, na kukusanya madeni ya chama. Barua ya Tadea ilikuwa fupi. Ilimshukuru kwa miaka kumi na moja, ikasema kwamba kazi ya mafunzo haimo tena katika malengo ya chama.

Alikunja barua, akarudi nyumbani. Alifungua mlango, akasimama sebuleni amevaa viatu, akageuka huku na huku akitafuta mahali pa kuisema ile habari.

*

Lori la kwenda ziwani liliondoka asubuhi, likateremka milima kona baada ya kona, mashimo ya kilimo yaitwayo ngoro yamepangana kwenye miteremko hadi yakaisha na joto likaanza. Aliteremka Mbamba Bay saa nane mchana, sweta mkononi, jasho mgongoni.

Mama mkwe wake, Bibi Katarina, alikuwa amekaa kivulini anachambua usipa, dagaa wa ziwani, waliokauka. Tadea alipiga magoti, akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Karibu." Akaita kwa Kinyasa kuelekea nyuma ya nyumba.

Othmar alitokea na kapu tupu begani. Alikuwa amekuwa mweusi kwa jua, na ndevu zilikuwa zimeota nyeupe kidogo kidevuni. Alimtazama, akaweka kapu chini.

"Karibu sana," alisema. "Habari za Mbinga?"

Akamletea kiti. Akamletea maji ya kunawa kwenye beseni, kitambaa begani, akayamimina mwenyewe polepole. Aliagiza samaki, mbasa mzima, na chakula kilipoiva Tadea alitengewa sahani yake peke yake juu ya meza, wakati Othmar na mama yake walikula pamoja kwenye mkeka. Jirani mmoja alipita, Mzee Hamidu mwenye duka, akauliza ni nani yule.

"Mgeni wangu," alisema Othmar. "Afisa mafunzo wa ushirika, Mbinga."

Mzee Hamidu akamsalimu kwa heshima zote. Tadea akarudisha tonge sahanini.

Walipobaki wawili, walitembea hadi mahali palipokuwa na vichanja vya kuanikia usipa, nyuma ya nyumba. Othmar alianza kugeuza samaki kwa mkono wazi, kwa kasi, kichanja hadi kichanja. Tadea akamweleza habari za waonja saba, habari za mitambo isiyofunguliwa. Othmar alisikiliza bila kuinua uso.

"Ulikuwa na haki," alisema Tadea. "Ulijua kuliko wao. Kama wangekuweka wewe usingeondoka."

"Huwezi kujua. Labda na mimi ningekwenda huko stendi. Wanalipa vizuri."

"Baba Edina, nami nimepewa barua."

Mkono wake ukasimama. "Lini?"

"Wiki iliyopita. Mafunzo hayamo tena."

"Pole," alisema, na alimaanisha. Kisha, "Umekuja kwa sababu ya barua?"

"Nilifikiria kuja kabla. Nilifikiria tangu mwezi wa pili."

"Lakini umekuja baada."

Watoto wa jirani walikuwa wanafukuza kunguru kwenye vichanja vya mbali, wanapiga madebe.

"Nyumba ni kubwa," alisema Tadea. "Sina mtu wa kumwambia kitu. Siku ile niliyopewa barua nilirudi nikasimama tu. Rudi nyumbani."

Othmar aliokota usipa mmoja aliyekuwa ameanguka mchangani, akampuliza, akamrudisha kichanjani.

"Ungeniambia Jumamosi ile," alisema, "ningeumia. Ningelala nimeumia, asubuhi ningeamka, tungetafuta la kufanya. Kukosa kazi si kitu, wengi tumekosa. Lakini uliniacha nikasoma. Ukakaa kwenye kigoda ukaniuliza maswali kama mtu mwenye nafasi ya kunipa. Hilo kila nikitaka kupanda gari nirudi nalikuta njiani."

"Niliogopa."

"Najua uliogopa. Miaka kumi na tisa, Tadea. Uliniogopa mimi?"

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Edina azaliwe. Lilisikika kama jina la mtu wanayefahamiana kidogo.

"Likizo ya Desemba Edina aje huku," aliendelea, sasa kwa sauti ya mipango. "Na kahawa yetu ikiiva mwaka kesho nitapanda kuja Mbinga, tuchume pamoja. Shamba ni la mtoto, lisiharibike. Tukimaliza nitateremka."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo sijui. Sitaki kukuambia kitu nisichokijua."

Usiku alilala chumba cha Bibi Katarina. Asubuhi Othmar alimbebea begi hadi penye lori, akamnunulia furushi la usipa wa kupeleka nyumbani, akamwombea kwa dereva nafasi ya mbele ili asipigwe na vumbi.

"Wawili au mmoja?" aliuliza dereva.

"Mmoja," alisema Othmar.

Aliagana naye kwa mkono, akishika kiwiko cha kulia kwa mkono wa kushoto, kama mtu anavyomuaga mkubwa. Lori lilipoondoka hakungoja. Tadea alimwona kwenye kioo cha pembeni akirudi kuelekea kwao, begani hana kitu, hatua zake za kawaida.

Aliyekaa katikati yake na dereva alikuwa mama mmoja mnene wa Litembo, mwenye kikapu magotini. Walipita kona tano za kwanza. Kisha yule mama, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu, akauliza, "Ulikwenda kusalimia?"

"Ndiyo."

"Nani wako yuko huku?"

"Ndugu yangu," alisema Tadea.

"Mgonjwa?"

"Hapana. Hajambo."

"Basi afadhali," alisema yule mama, akisogeza kikapu ili Tadea apate pa kunyoosha miguu. "Mimi nilikwenda kuzika."

Tadea akampa pole. Gari likabadilisha gia, likaanza kupanda, na baada ya muda baridi ya juu ikaingia dirishani, akavaa sweta.